Kunyanyua Kilo 214 Barazani Rau

Kwa miaka 27 nilifanya kazi ya ugani katika vijiji vya Kibosho, Uru na Old Moshi, na katika muda huo wote sikuwahi kuifikiria stendi ya pikipiki kama kitu kinachohitaji akili. Pikipiki tulizopewa na ofisi zilikuwa za kilo mia moja na ushee. Ukikwama kwenye kichochoro cha mgombani uliishika mkiani ukaigeuza, na tairi likitoboka uliilalisha juu ya mguu wake wa pembeni mpaka gurudumu la nyuma likaning'inia, kijana mmoja akaishikilia na mwingine akafungua nati. Nilipostaafu nilinunua Suzuki V-Strom 650 ya mwaka 2012 kwa daktari mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Kitabu chake kinasema kuwa uzito wake ni kilo 214, tanki la lita 20 likiwa limejaa na oili zote zikiwa ndani. Hiyo ni mifuko minne ya saruji na zaidi ya robo ya mfuko wa tano, ila mfuko wa saruji hauna magurudumu.

Daktari hakuniambia, nami sikuuliza, kwamba pikipiki ile haikuwa na stendi kubwa ya katikati, ile ya miguu miwili inayoliinua gurudumu la nyuma. Kiwandani ilitoka na mguu wa pembeni tu, na stendi ya katikati iliuzwa kando kama nyongeza. Upungufu huo niliugundua wiki ya pili, siku niliyotaka kupaka cheni oili. Mtu anayepita njia za vijijini katika vumbi la Septemba na tope la masika anajua jinsi mchanga unavyoila cheni, na cheni haiwezi kupakwa vizuri bila kulizungusha gurudumu la nyuma. Nikaanza kupaka kipande cha shibiri mbili, kusukuma pikipiki hatua moja, kupaka kipande kingine, kusukuma tena. Nilipofika mwisho wa uwanja nilikuwa nimesahau nilikoanzia, na kuirudisha nyuma kwenye kilima kidogo cha lango kulinimaliza pumzi. Kiuno changu kimekwisha kubeba matofali na mikungu ya kutosha katika maisha haya, na jioni ile kilinikumbusha yote.

Jaribio langu la kwanza la kuinyanyua ndilo ninaloliona haya zaidi, kwa sababu nilikuwa na muda wa kutazama na sikutazama. Nilichukua jeki fupi ya gari, ile yenye umbo la chupa, nikaweka kipande cha mbao juu yake, nikaisukuma chini ya injini na kuanza kupampu. Pikipiki nyingi za zamani zina mabomba ya fremu yanayopita chini ya injini, na mabomba hayo ndiyo yanayofaa kubeba uzito. Hii yangu haina. Fremu yake ya alumini inapita juu na pembeni, injini inaning'inia ndani yake, na kitu cha kwanza unachokikuta ukiingiza mkono kwa chini ni bomba la ekzosi la silinda ya mbele, ambalo hushuka mbele ya injini na kupita chini yake, jirani kabisa na chujio la oili. Mbao yangu ilikuwa inalisukuma bomba hilo. Nilisikia mlio mdogo wa bati linalokunjwa, nikaacha. Niliposhusha jeki na kulala chini na tochi, niliona kibonyeo cha ukubwa wa kidole gumba kwenye bomba, na sentimita chache kando yake sehemu ya chini ya injini, ya alumini, ambayo kama ningeielemea pale ingeweza kupasuka na kumwaga oili yote barazani. Tangu siku hiyo sijanyanyua chombo chochote bila kulala chini kwanza.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuuliza watu. Mafundi wa bodaboda wa pale Majengo waliniambia niilaze tu kama zile zingine, nilipowaomba waje wailaze wao, walikuja wawili, wakaitazama, wakacheka, mmoja akasema, "Bwana Shamba, hii ni ng'ombe." Rafiki yangu mmoja wa Arusha, mkazi wa Njiro, ndiye aliyenielezea stendi ya nyuma inayotumika kwenye gereji na viwanja vya mashindano: umbo la herufi U la chuma, lenye magurudumu mawili madogo, pembe mbili zinazoshika chini ya mkono wa nyuma, yaani vile vyuma viwili vinavyolibeba gurudumu la nyuma, na mpini mrefu unaokanyagwa au kusukumwa chini kutoka nyuma. Nilipoona picha yake nilifurahi kama mwanafunzi aliyepata jibu la mtihani, kwa kuwa ni wenzo ule ule tuliofundishwa darasani: egemeo ni magurudumu madogo, mzigo uko kwenye pembe, jitihada iko kwenye mpini. Pikipiki yangu hugawa uzito wake karibu nusu kwa nusu, kwa hiyo nyuma kuna takriban kilo 110. Ikiwa pembe ziko sentimita 10 mbele ya egemeo wakati wa kuanza kunyanyua, na mpini una urefu wa sentimita 70, mtu anahitaji kusukuma kwa nguvu ya karibu kilo 16 tu. Hata mama watoto angeweza, nilimwambia. Alinijibu kwamba hana mpango huo.

Nilichora mchoro mwenyewe, nikampelekea fundi wa kuchomelea. Nasisitiza kwamba nilichora mwenyewe, maana fundi alitengeneza kile nilichomwagiza na hakuna kosa lake hata moja. Nilichagua bomba la mraba la inchi moja, lile jembamba la kutengenezea madirisha na mageti, kwa sababu lilikuwa rahisi na jepesi. Kosa la pili lilikuwa la kuficha zaidi. Stendi ya namna hii inapoanza kazi, pembe zake huwa zimeinama mbele. Mpini ukishuka, pembe hupanda na kurudi nyuma mpaka zisimame wima juu ya magurudumu madogo, kisha zinapaswa kupita kidogo ule wima kuelekea nyuma. Ni huko kupita kidogo kunakoifanya stendi ikae: uzito wa pikipiki wenyewe unaukandamiza mpini chini ardhini. Katika mchoro wangu mpini uligusa sakafu kabla pembe hazijafika wima. Nikasukuma, gurudumu likapanda, nikashangilia, nikaondoa mguu, na mpini ukaruka juu ukanipiga kwenye ugoko kwa nguvu ya pikipiki nzima. Alama ninayo mpaka leo. Tulipoitazama tena stendi yenyewe, tulikuta mkono mmoja umejipinda kama mgongo wa paka, na hilo lilikuwa baada ya kunyanyua mara moja tu.

Stendi ya pili tuliitengeneza kwa kushauriana. Safari hii fundi alitumia bomba la duara la inchi moja na nusu lenye unene wa milimita 3, akaongeza kipande cha kukingama karibu na pembe ili mikono isitanuke, na akaweka pembe kwenye vipande vinavyoteleza na kukazwa kwa bolti ili upana uweze kurekebishwa. Kabla hajakata chochote alikuja nyumbani na utepe wa kupimia, akapima upana wa mkono wa nyuma kutoka nje hadi nje, kimo chake kutoka sakafuni wakati mtu ameinyoosha pikipiki wima, na nafasi iliyopo kati ya ekseli na ekzosi. Kipimo hiki cha mwisho nisingekifikiria. Pembe zikikaa nyuma sana zinaziba bolti za kurekebishia cheni, na stendi inayokuzuia kurekebisha cheni ni sawa na ngazi inayoishia chini ya dari. Zikikaa mbele sana, uzito unaokaa juu yake unaongezeka na mpini unakuwa mgumu. Tulizipanga mbele kidogo ya bolti hizo, kisha tukajaribu uimara kwa mimi na fundi kukaa pamoja juu ya kile kipande cha kukingama na kurukaruka, wateja wake wakitushangaa.

Vitu vilivyobaki vilikuwa vidogo. Chuma kikigusa alumini huikwaruza na pia huteleza, kwa hiyo pembe zilihitaji mpira. Mpira wa tyubu ulichanika siku ya kwanza. Nilikwenda kwa mzee anayeshona katambuga karibu na soko, nikampa vipimo, naye akanikatia vipande viwili kutoka tairi la lori, akaviinamisha kwa ustadi ule ule anaoutumia kwenye kisigino, akavifunga kwa misumari midogo kwenye kipande cha mbao ngumu. Vilidumu miaka mitatu.

Sasa nieleze siku pikipiki ilipoanguka, kwa sababu stendi siku hiyo ilikuwa nzuri na haikuvunjika.

Baraza la nyumba yangu limemwagwa sakafu yenye mteremko mdogo kuelekea uwanjani, kama mabaraza yote ya Moshi, ili maji ya mvua yasituame mlangoni. Niliiegesha pikipiki ikitazama uwanjani. Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha nne na alikuwa amekuja likizo, alinisaidia. Tuliweka gia ya kwanza, tukainyanyua nyuma, ikapanda bila shida. Mguu wa pembeni ulikuwa unanikera nilipokuwa nikichuchumaa upande wa kushoto, nikamwambia aukunje, akaukunja. Nikachukua spana, nikaweka bomba refu kwenye mpini wake, nikaanza kuilegeza nati ya ekseli ya nyuma, ambayo hukazwa kwa nyutonimita 100 na kwa hiyo haitoki kwa kubembelezwa. Nilivuta mara ya kwanza, haikutoka. Nilipovuta mara ya pili kwa uzito wangu wote, niliona tairi la mbele likianza kuzunguka polepole. Pembe zilivutwa mbele zikaupita wima, mpini ukainuka, gurudumu la nyuma likashuka sakafuni, na pikipiki ikabaki sekunde moja imesimama peke yake kama inayotafakari iangukie upande gani. Iliangukia kulia. Ilivunja mkono wa breki, kioo cha pembeni na chungu cha maua cha mama watoto, na ikaliachia tanki kibonyeo. Mpwa wangu aliruka kando. Mimi nilinyoosha mikono kutaka kuidaka, nikajirudi. Nashukuru kwamba nilijirudi, maana kilo 214 zikishaanza kuanguka hazidakwi na mtu wa umri wangu wala wa umri wowote.

Tulipokuwa tumeketi tukitazama vipande vya chungu, kijana aliniuliza, "Mjomba, mbona ilikuwa kwenye gia?"

Swali lake lilinichukua muda kulijibu, na jibu lake ndilo lililobadili namna ninavyoyaona mambo haya yote. Gia hushika injini, injini hushika cheni, cheni hushika gurudumu la nyuma, na gurudumu la nyuma lilikuwa hewani. Tulikuwa tumefunga kwa makini gurudumu ambalo halikuwa likigusa kitu chochote, tukaliacha huru lile moja lililobaki ardhini. Nilikuwa nimeidhania stendi kuwa ni kitu kinachoupokea uzito na kuumaliza, kumbe uzito ulikuwa umehama tu kutoka mahali nilipopazoea kwenda mahali nisipopatazama. Tulitafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, tukakata ukanda, na mkono mpya wa breki ulipofika kutoka Dar es Salaam baada ya majuma kadhaa, kitu cha kwanza tulichofanya kilikuwa kuubana kwenye mshikio kwa ukanda ule, tukausokota mara tatu, kisha tukasukuma kuhakikisha kwamba tairi la mbele limekufa. Tangu hapo pia pikipiki hukaa ikitazama mlango, si uwanja. Mguu wa pembeni hubaki umeshushwa hata ukinikera. Na nati zote kubwa hulegezwa nusu mzunguko wakati magurudumu yote mawili bado yako sakafuni, ambapo mtu anaweza kuvuta atakavyo bila kuhatarisha kitu.

Mwaka uliofuata nilipata pancha kati ya Himo na Mwanga, kwenye ile tambarare inayopigwa na upepo, na stendi yangu nzuri ilikuwa imening'inia ukutani nyumbani kwangu Rau. Matairi ya pikipiki hii hayana tyubu, kwa hiyo hulazimiki kulitoa gurudumu. Unatafuta msumari, unauchomoa, unapachika kizibo cha mpira na kujaza upepo. Tatizo lilikuwa kuutafuta msumari bila kulizungusha gurudumu. Tatizo kubwa zaidi sikulitarajia. Tairi la nyuma likiisha upepo, pikipiki yote inashuka, lakini mguu wa pembeni haufupiki. Matokeo yake ni kwamba pikipiki, badala ya kulalia mguu wake, husimama karibu wima, na mimi kwa haraka ya kutoka kwenye lami nilikuwa nimeuweka mguu huo juu ya kituta cha changarawe, jambo lililozidisha ubaya. Basi moja la kwenda Dar es Salaam lilipita kwa kasi, na upepo wake ukaitikisa pikipiki kuelekea upande usio na mguu. Niliikumbatia. Nikakaa hivyo nimeikumbatia, peke yangu juani, kwa muda ambao sijui ulikuwa dakika kumi au arobaini, kwa sababu kila nilipotaka kuiachia ilinionyesha kwamba haiko tayari.

Waliotuokoa walikuwa vijana wawili wachunga mifugo. Nilipowaeleza ninachotaka, mmoja wao alikwenda kwenye mgunga uliokauka akarudi na gongo lenye panda, akalipunguza kwa sime mpaka likafika kimo cha mkono wa nyuma na vidole vitatu zaidi. Tuliufunga mkono wa breki kwa ule ukanda wa tyubu, tukauhamishia mguu wa pembeni mahali pa chini zaidi, penye jiwe bapa. Mimi na mmoja wao tuliivuta pikipiki taratibu kuelekea upande wetu wa kushoto, ikalalia mguu wake, gurudumu la nyuma likaachana na ardhi kidogo, na mwenzake akaingiza gongo chini ya mkono wa nyuma upande wa kulia. Tukaiachia kwa hofu. Haikutikisika hata kidogo. Kijana aliyekata gongo aliitazama akasema, "Mzee, si mafiga matatu haya?" Ndivyo ilivyokuwa hasa: tairi la mbele figa la kwanza, mguu wa pembeni la pili, gongo la tatu, na uzito wote umekaa katikati kama chungu. Msumari tuliukuta baada ya kuzungusha robo.

Tangu hapo nimetembea na figa la tatu langu mwenyewe, mabomba mawili yanayoingiana, yenye matundu na pini ya kuchagua kimo, na kipande cha tairi juu yake. Halizidi urefu wa mkono wangu likikunjwa. Kwa mtu anayesafiri peke yake na asiye na fedha ya kununua stendi ya katikati, hiki ndicho ningemshauri akitengeneze kwanza, hata kabla ya ile stendi ya gereji. Pamoja nacho nabeba kipande cha bati nene cha ukubwa wa kiganja cha kuweka chini ya mguu wa pembeni, kwa kuwa wakati wa masika udongo wa mlimani huumeza mguu huo polepole wakati wewe unakunywa chai ndani, na unaporudi unakuta pikipiki imelala.

Hata hivyo ile siku ya kukumbatiana ilinifanya niagize stendi ya katikati iliyotengenezwa kwa ajili ya aina hii hii. Ilikuja na bolti zake na springi mbili ngumu kiasi kwamba mimi na mpwa wangu tulishindwa kuzivuta kwa koleo. Fundi wa kuchomelea ndiye aliyetuonyesha ujanja. Aliibana springi kwenye jiriwa, akaipinda upande mmoja, na katika kila uwazi uliofunguka akachomeka sarafu ya shilingi mia. Akaipinda upande wa pili akafanya vivyo hivyo, mpaka springi ikawa ndefu yenyewe kwa sababu ya zile sarafu zilizokaa kati ya mizunguko yake. Tukaitundika kwenye ndoano zake bila kutoa jasho. Tulipoikunja na kuikunjua stendi, springi ikavutika na sarafu zikadondoka sakafuni zikilia moja baada ya nyingine. Mpwa wangu aliziokota na hakurudisha hata moja.

Kuipandisha pikipiki juu ya stendi ya katikati nako nilikukosea kwa wiki nzima, kwa kuwa nilikuwa nikiivuta pikipiki juu kwa mikono na mgongo, kama mtu anayeng'oa mgomba. Mikono haifanyi kazi hiyo. Unasimama upande wa kushoto, mkono wa kushoto unashika usukani ukiwa umenyooka, mkono wa kulia unashika chuma cha abiria. Unaishusha stendi kwa mguu wa kulia mpaka iguse ardhi, kisha unaitikisa pikipiki kidogo huku na huku mpaka usikie kwamba miguu yake yote miwili imegusa. Hapo ndipo wengi wanapokosea: mguu mmoja ukiwa hewani, pikipiki inapinda badala ya kupanda. Ukishasikia yote miwili, unasimama kwa uzito wako wote juu ya kile kikanyagio cha stendi, kama unayepanda ngazi, na mkono wa kulia unaiongoza tu irudi nyuma. Mimi nina kilo 78, na kilo hizo 78 zikiwa juu ya kikanyagio zinatosha. Mgongo hauhusiki.

Ikiwa imebeba mizigo, springi ya nyuma inakuwa imelala na stendi inalazimika kuinyanyua zaidi, kwa hiyo sanduku la nyuma linatolewa kwanza. Nyumbani nina ubao wenye unene wa sentimita mbili. Naliendesha gurudumu la nyuma juu yake, miguu ya stendi ikibaki sakafuni, na kazi ya kunyanyua inakuwa imekwisha karibu yote kabla sijakanyaga. Nimewaonyesha watu watatu ubao huo na wote walidhani nawatania.

Kwa gurudumu la mbele sina ujuzi mwingi wa kujivunia. Ikiwa juu ya stendi ya katikati, pikipiki hii hulalia mbele, na ukitaka mbele ipande ni lazima ama uongeze uzito nyuma au uinue kutoka juu. Mwanzoni nilifikiria kuining'iniza kwenye tawi la mparachichi wangu, mpaka jirani aliponikumbusha kwamba mparachichi si mti wa kuuamini. Tawi lake hukatika bila kuonya. Siku hizi naipeleka kwenye banda la fundi, ambako kuna boriti ya chuma, tunapitisha mikanda miwili ya kufungia mizigo chini ya shingo ya usukani na kuivuta kidogo kidogo mpaka tairi likaachana na sakafu kwa kimo cha unene wa kidole. Sanduku la nyuma hapo linabaki mahali pake, tena na mzigo ndani. Na hatutoi magurudumu yote mawili kwa pamoja, hata kama tuna haraka.

Rafiki yangu wa Njiro, yule aliyenielekeza tangu mwanzo, alikuja mwaka jana kuazima stendi yangu ya gereji. Ana BMW R 1200 GS, ambayo gurudumu lake la nyuma limeshikwa na mkono wa upande mmoja tu. Tulizunguka nayo tukicheka, kwa sababu pembe zangu mbili zilikuwa na mahali pamoja tu pa kushika. Pikipiki za namna hiyo zinataka stendi yenye pini moja nene inayoingia kwenye tundu la katikati ya gurudumu, na yake isitoshe ina stendi ya katikati tangu kiwandani, na haina cheni ya kupaka oili kwa kuwa gurudumu lake linazungushwa na shafti. Nilimuuliza basi anataka kunyanyua kwa ajili gani. Akasema ameiona yangu ikiwa imenyanyuliwa na akaona inapendeza.

Mwezi uliopita nilirudi kwa mzee wa katambuga kukata vipande vipya vya mpira, na stendi nimeipaka rangi kabla ya mvua kuanza. Ule ukanda wa tyubu sikuufungua tena kwenye usukani. Unaning'inia kwenye mshikio wa kulia mwaka mzima, mweusi na uliochakaa, na watu wanaopanda nyuma yangu kwenda Himo wamekwisha kuuliza zaidi ya mara moja kama ni hirizi. Mpwa wangu ndiye huwajibu kwamba ni breki.